Ukiona Vyaelea: Siasa ya Kutazama Runinga Sebuleni

Wanafunzi wangu hushangaa wanapogundua kwamba nina runinga nyumbani, kwamba nalipia king'amuzi kila mwezi, na kwamba wahusika wa tamthilia nawafahamu kwa majina yao. Wao hudhani kwamba mtu anayefundisha masuala ya siasa na jamii hutumia jioni zake zote akisoma vitabu vizito, na kwamba runinga ni kilevi cha wasiosoma. Dhana hiyo nimeisikia pia kwa wanaharakati, tena kwa ukali zaidi. Mmoja aliniambia waziwazi kuwa tamthilia ndizo zilizoua mwamko wa wananchi.

Leo nataka kuijibu dhana hiyo kwa kirefu, kwa sababu naiona ina madhara. Mtu anayedai kuipigania jamii huku akidharau kile ambacho jamii hiyo inakitazama kila usiku anajinyima maktaba kubwa sana. Yaliyomo sebuleni mwa Mtanzania wa kawaida kati ya saa mbili na saa nne usiku yana siasa kuliko mihadhara mingi niliyowahi kuhudhuria, na mingine niliyoitoa mwenyewe. Tatizo ni kwamba tumezoea kuyapokea bila kuyahoji.

Nieleze kwanza utaratibu wa nyumba yangu hapa Singida. Saa mbili kamili usiku ni taarifa ya habari, na huo ndio wakati wangu wa kushika rimoti. Habari zikiisha, rimoti inakwenda kwa mke wangu na mama mkwe wangu anayeishi nasi, na hapo tamthilia hutawala mpaka usingizi uamue vinginevyo. Mwisho wa wiki mchana ni mpira, na hapo hata wageni nisiowajua vizuri huingia na kukaa. Ijumaa usiku ni filamu. Filamu huchaguliwa kwa zamu, na mwenye zamu sharti aeleze kwa nini ameichagua, hata kama ni mtoto wa miaka kumi na moja. Sheria ni moja tu: kuongea kunaruhusiwa. Katika nyumba nyingi anayeongea filamu ikiendelea hunyamazishwa. Kwetu asiyeongea ndiye huulizwa kama anaumwa.

Pembeni ya kiti changu kuna daftari. Humo huandika majibu ya maswali matatu ninayoiuliza kila picha inayopita: nani ameigharamia, nani anasema, na nani hayupo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kila picha inayoelea kwenye kioo iliundwa na mtu, kwa fedha za mtu, ili mtu mwingine aamini jambo fulani. Hilo peke yake si kosa, kwani hata mimi ninapoingia darasani nataka wanafunzi waamini jambo fulani. Ila raia ana haki ya kumjua fundi.

Nchini mwetu maswali hayo yana historia ndefu kuliko runinga yenyewe. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio ya filamu uliojulikana kwa kifupi BEKE. Walitengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, wakazizungusha kwa lori Tanganyika na nchi jirani. Miongoni mwake ilikuwamo filamu ya ugonjwa wa safura na filamu ya kuhimiza watu waweke akiba katika benki ya posta. Afya na akiba ni mambo mema, wala sina ugomvi nayo. Lakini mtawala ndiye aliyechagua tatizo la kuonyesha, na mtazamaji alipewa nafasi moja tu, ya mtu asiyejua anayefundishwa na anayejua. Serikali huru nayo ilianzisha kampuni yake ya filamu mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kuwaeleza wananchi ujamaa. Nia ilibadilika, na lugha ikawa yetu. Mkao wa mtazamaji, nadhani, ulibaki vilevile: kaa chini, nyamaza, uelimishwe.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, wakati Bara ilisubiri miaka mingine zaidi ya ishirini. Sera ya wakati ule iliiona runinga kuwa anasa ya wachache wa mjini ambayo ingepanua pengo kati yao na watu wa vijijini. ITV ilipoanza mwaka 1994 ilikuwa mali ya mfanyabiashara. Kituo cha taifa, TVT, kilifuata miaka kadhaa baadaye, na mwaka 2007 ndipo likazaliwa Shirika la Utangazaji Tanzania, yaani TBC. Kwa hiyo kizazi changu kilikutana na picha zinazotembea kupitia gari la sinema lililofika kijijini na shuka jeupe lililotundikwa kwenye ukuta wa shule, miaka mingi kabla ya kuona runinga. Nasema haya ili kijana aliyezaliwa na rimoti mkononi ajue kwamba kuwa na runinga, kutokuwa nayo, na nani awe nayo kwanza, yote yalikuwa maamuzi ya kisiasa.

Sasa turudi kwenye habari ya saa mbili. Jambo lililonifundisha mengi kuhusu taarifa zetu za habari sikuliona mimi. Aliliona binti yangu alipokuwa darasa la tano. Tulikuwa tunatazama habari ya ziara ya kiongozi katika kijiji fulani. Akauliza, "Baba, kwa nini yule mama hawakumwandikia jina?" Nikatazama. Kiongozi aliandikiwa jina na cheo chake chini ya picha. Mtaalamu aliandikiwa jina na cheo. Mama aliyepewa sekunde chache kushukuru kwa kuletewa kisima aliandikiwa neno moja tu: mwananchi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia jambo hilo kwa makusudi, katika vituo vya umma na vya binafsi. Zipo habari zinazomtendea haki mtu wa kijijini, na waandishi wake nawapongeza moyoni. Lakini mara nyingi mwanakijiji hupewa kazi mbili tu mbele ya kamera: kushukuru au kulia. Hushukuru mradi ukizinduliwa, hulia mafuriko yakija. Ni nadra kumwona akichambua. Hapa Singida wapo wakulima wa alizeti wanaoweza kueleza kwa dakika kumi, bila karatasi, uhusiano kati ya ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje na bei ya gunia analouza Ikungi. Ujuzi huo hauingii kwenye taarifa ya habari, kwa sababu nafasi ya kuchambua imehifadhiwa kwa mwenye cheo. Mkoa wetu una watu zaidi ya milioni mbili kwa Sensa ya mwaka 2022, na mtu anayetujua kupitia kioo pekee angedhani tunaishi kwa kufuga kuku wa kienyeji, kukamua alizeti na kusubiri wageni.

Kulikuwa na kipindi ambapo kioo kilitupa kitu tofauti na hicho, nacho ni Bunge la moja kwa moja. Wanafunzi wangu wa sasa walikuwa wadogo, hivyo naomba nikumbushe. Februari 2008 nchi ilikaa mbele ya runinga kusikiliza ripoti ya Kamati Teule kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, iliyowasilishwa na mwenyekiti wake, Dkt. Harrison Mwakyembe. Tarehe 7 ya mwezi huo Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama bungeni akaeleza kwamba amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu. Mwaka 2014 tulitazama Bunge Maalum la Katiba. Novemba mwaka huohuo ukaja mjadala wa akaunti ya Tegeta Escrow, baada ya Kamati ya Hesabu za Serikali iliyoongozwa na Zitto Kabwe kuwasilisha taarifa yake, na watu walikesha.

Kwa mtu wa Singida matangazo hayo yalikuwa na ladha ya pekee. Mkazi wa Ikungi alimwona Tundu Lissu, aliyekuwa wakati huo mbunge wa Singida Mashariki tangu 2010, akibana hoja kwa vifungu vya sheria. Mkazi wa Kiomboi alimwona Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi tangu mwaka huohuo, akitetea upande wa chama tawala. Unaweza kumpenda mmoja na kumchukia mwingine, au kuwapenda wote, au kutompenda yeyote. Jambo la muhimu ni kwamba mkulima na muuza duka walipata nafasi ya kupima kwa masikio yao wenyewe kile walichokuwa wakihadithiwa. Walisikia swali, wakasikia jibu, wakasikia pia pale ambapo jibu halikutolewa. Hilo la mwisho ndilo muhtasari hauwezi kulionyesha.

Tarehe 27 Januari 2016, Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alilieleza Bunge kwamba TBC itapunguza matangazo ya moja kwa moja na badala yake itarekodi na kuonyesha kipindi cha muhtasari usiku. Hoja zilizotolewa zilikuwa mbili: gharama, iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na kwamba vikao hufanyika saa za kazi. Wabunge wa upinzani walipinga, na polisi waliingia ukumbini kuwatoa.

Hoja ya gharama haipaswi kudharauliwa, maana fedha ya umma ni fedha ya umma. Lakini mtumishi anayejua bajeti anajua pia kwamba kila gharama hupimwa kwa kile inachokinunua. Hoja ya saa za kazi ndiyo iliyonipa taabu zaidi, kwa kuwa ilimfikiria mwananchi kama mtu anayekaa ofisini kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tisa na nusu. Watanzania wengi hawana ofisi. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni, na kwa mkulima wa mvua katika ukanda huu, miezi hiyo ndiyo ya kukaribia kumaliza mavuno na kuanza kufikiria bei. Fundi cherehani husikiliza huku akishona. Kinyozi husikiliza huku akinyoa, na wateja wake hujadiliana. Kutoka Singida hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 240. Nauli ya kwenda kukaa kwenye jukwaa la wageni bungeni ni mzigo kwa mtu anayeuza vitunguu, na kioo kilikuwa kimemfutia nauli hiyo.

Mhariri wa muhtasari, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, lazima akate. Atabakisha sentensi nzuri na kuondoa ukimya, kigugumizi, na waziri anayepekua karatasi akitafuta takwimu. Raia hujifunza kuwapima viongozi wake kwa vitu kama hivyo. Leo vipande vya Bunge tunavyo kwenye simu, tena kwa wingi, lakini kipande cha sekunde arobaini kinachosambazwa na shabiki wa mbunge fulani hakina tofauti kubwa na tangazo la sabuni.

Kuna upande mwingine wa suala la kioo ambao watu wa mjini huusahau, nao ni suala la nani anafikiwa. Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizitaka kampuni za runinga za kulipia kwa satelaiti ziondoe chaneli za ndani za bure kwenye vifurushi vyao, kwa hoja kwamba leseni zao haziwaruhusu kuziuza. Kisheria hoja ilikuwa na mashiko, kwani kitu cha bure kisiuzwe. Lakini pale ambapo mawimbi ya mitambo ya ardhini hayafiki, dishi ndilo lilikuwa njia pekee ya kupata chaneli hizo. Uamuzi uliolenga kumlinda mtazamaji asitozwe ulimwacha mtazamaji wa kijijini akitazama filamu za nje huku habari za nchini zikiwa zimepungua. Naueleza mfano huu darasani kila mwaka ninapofundisha tofauti kati ya haki iliyoandikwa na haki inayofika.

Nilisema baada ya habari rimoti huenda kwa kina mama. Hapo ndipo wasomi wengi huondoka sebuleni, nami hapo ndipo huvuta kiti karibu. Mama mkwe wangu alianza kupenda tamthilia za nje mwaka 2011, TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Aliifuatilia kwa makini ya mtu anayetafuta ushahidi, na nafikiri mke wangu alijua ushahidi ulikuwa wa kesi gani. Miaka miwili baadaye, Machi 2013, Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam katika Ukumbi wa Julius Nyerere, aliitaja tamthilia hiyo kuwa imewawezesha Watanzania kuyajua maisha ya familia za kawaida za Kichina. Nilimweleza mama kwamba Rais wa China amezungumzia tamthilia yake. Alifikiri kidogo akasema, "Basi waliileta kwa kazi maalumu." Sijawahi kusoma ufafanuzi mfupi na sahihi zaidi wa diplomasia ya utamaduni.

Ukijumlisha hilo na ubia wa TBC na kampuni ya Kichina ya StarTimes katika usambazaji wa matangazo ya dijitali, pamoja na mpango uliotangazwa Johannesburg Desemba 2015 wa kupeleka runinga za satelaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, utaona kwamba hakuna mkwe anayelia kwenye kioo kwa bahati mbaya. Sisemi tuzikatae tamthilia hizo. Wamarekani walitufanyia hivyohivyo kwa miongo mingi kwa filamu za makomandoo, nasi tukazipokea mpaka watafsiri wa vibanda umiza kama Lufufu wakazipa sauti na maana yetu wenyewe. Ninachosema ni kile alichokisema mama: tujue zimeletwa kwa kazi gani.

Tamthilia za nyumbani nazo zina yake. Tunapotazama Huba au Jua Kali, vijana hufuatilia nani anampenda nani, mke wangu hufuatilia nguo, na mama mkwe humfuatilia msichana wa kazi. Hata kama msichana huyo amepita tu na sinia la juisi, mama atauliza, "Hivi huyu binti analala saa ngapi?" Swali hilo lina uzito hapa kwetu, kwa sababu Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo mabinti wake hupelekwa mijini kufanya kazi za ndani. Yule anayepita na sinia katika jumba la kifahari la tamthilia ni mtoto wa Iramba au wa Mkalama, hata kama mwigizaji wake ametoka kwingine. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022 iliwataja wafanyakazi wa majumbani kama kundi linalolindwa. Sijaona tamthilia ambayo binti wa kazi anaitaja amri hiyo mbele ya mwajiri wake. Siku itakapotokea, nitaipa ukurasa mzima wa daftari langu.

Niseme sasa kuhusu filamu moja iliyoingia katika maisha ya ukoo wetu. Ni Neria, filamu ya Zimbabwe ya mwaka 1993. Kisa chake wengi mnakijua: mume anafariki, kaka wa marehemu anachukua mali kwa jina la mila, na mjane anaamua kutafuta haki yake kisheria. Tuliitazama Ijumaa moja, chaguo la mke wangu, na wifi yake, yaani mke wa kaka yangu, alikuwa amekuja kutusalimia kutoka kijijini. Tulibishana sana usiku ule. Baadhi ya wanaume, wakiwamo wa damu yangu, walisema filamu imemchora shemeji kama mwizi kwa kutia chumvi.

Mwaka na miezi kadhaa baadaye kaka yangu alifariki. Siku ya kumaliza msiba, wazee wa ukoo walikaa kuzungumzia shamba, ng'ombe na nyumba ya bati. Mazungumzo yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote: mjane atakaa na wanawe, shamba litaangaliwa na mdogo wa marehemu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya usoni. Ndipo shemeji yangu, ambaye kwa kawaida huongea kwa sauti ya chini mbele ya wakwe, akasema, "Baba zangu, nawaheshimu. Lakini mwaka juzi tuliitazama hii, na mlisema imetiwa chumvi." Kikao kilinyamaza. Mdogo wetu mmoja akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Nilijua sheria iliyokuwa inatembea ndani ya kikao kile ingawa hakuna aliyeitaja. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, linasema mjane hana fungu katika urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Kitanzania waliipinga kanuni hiyo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba ina ubaguzi lakini haikuibatilisha, na rufaa yao ikakwama mwaka 2010. Walikwenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zimekiukwa. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Sheria mbili za nchi moja zilikuwa zimekaa chini ya mwembe mmoja zikitazamana, na waliokaa nazo hawakuwa wamesoma hata moja.

Shemeji alifungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo na akateuliwa kuwa msimamizi, akisaidiwa na ofisa mmoja wa maendeleo ya jamii aliyejua kazi yake. Yalikuwapo maneno, na baadhi ya nyumba za ukoo bado hatualikani vizuri. Sidai kwamba filamu ndiyo iliyompa shamba; shamba alipewa na mahakama na kwa ujasiri wake. Lakini miaka yote niliyofundisha sijawahi kuona muhadhara wa haki za binadamu ukikumbukwa mwaka mzima na mtu asiyeandika hata mstari mmoja, kisha ukatumika siku ileile ulipohitajika. Ulikumbukwa kwa sababu tulibishana. Kama tungeitazama kimya, au kama mimi ningeingia chumbani kusoma, ungebaki wimbo mzuri wa filamu na basi.

Liko pia suala la nani ana haki ya kutuonyesha. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu kuhusu sangara wa Ziwa Victoria na umaskini wa Mwanza, ambayo hapa nchini wengi waliijua kama filamu ya mapanki. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwamba inaichafua nchi. Nimeitazama zaidi ya mara moja nikiwa na pande zote mbili kichwani. Naona ina picha za kweli zilizopangwa kwa namna inayomwondolea Mwafrika uwezo wowote wa kutenda. Naona pia kwamba hasira yetu ilielekezwa zaidi kwa kamera kuliko kwa mapanki. Jibu zuri kwa filamu ya mgeni ni filamu ya mwenyeji. Amil Shivji alipoileta Vuta N'kuvute mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, na ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, tuliona Zanzibar ya miaka ya 1950 ambamo watu wa kawaida wanapenda, wanaogopa na wanapanga kumwondoa mkoloni. Watu walikuwa na majina, na walichambua mambo yao wenyewe.

Nawaachia basi mambo machache ya kutenda. Kwa mwanafunzi: wiki moja, tazama taarifa ya habari ukiwa na kalamu, uandike nani ameandikiwa jina na nani ameitwa mwananchi, kisha ulete darasani tujadili. Kwa mwanaharakati: kabla ya kuandaa semina nyingine ya hoteli yenye posho na chai, fikiria shuka jeupe, filamu moja nzuri na saa nzima ya mabishano katika kijiji kimoja cha Manyoni, na usiwe wewe wa kwanza kuongea ikiisha. Kwa mtumishi wa umma anayeandaa ziara ya kiongozi na kuwaalika waandishi: mwananchi atakayeshukuru mbele ya kamera ana jina, na pengine ana swali. Mwombeni mwandishi aliandike la kwanza na kulirusha la pili.

Na kwa wenye mamlaka juu ya shirika la utangazaji la umma, ombi langu ni la kawaida sana. Kikao cha Bunge kirushwe kizima, kuanzia dua mpaka kuahirishwa, katika chaneli ambayo mtu wa Itigi anaipata bila kununua king'amuzi cha pili wala bando. Kama ni kirefu na kinachosha, tuachieni sisi wenyewe tusinzie.